Matsumoto na milima yake ukitoka Nairobi: lala huko, usikimbie

Wengi wetu tukipata bahati ya kufika Japan plani ni ileile, Tokyo, Kyoto, Osaka, picha ya mlima Fuji kwa dirisha la treni, alafu JKIA. Mimi nasema ukiwa na siku tatu za ziada zipeleke Matsumoto, mji wa ngome ya kale katika mkoa wa Nagano, na kutoka hapo upande milimani. Neno langu kubwa naliweka hapa mwanzo hata kama utaacha kusoma njiani: lala Matsumoto usiku mbili au tatu, na siku ya mlima usiifunge. Ngome iko pale tangu miaka ya 1590, haiendi popote, hata mvua ikinyesha utaiona. Mlima ndio wa kuviziwa. Ukiamka kuko wazi unapanda, kukiwa na mawingu unaenda zako ngomeni na kula tambi, kesho unajaribu tena. Wale wanaotoka Tokyo asubuhi na kurudi jioni wanapata ngome na foleni yake, basi.

Kwanza tumalize hii stori ya urefu. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Mji wa Matsumoto uko kama mita 600 tu, na Kamikochi, hilo bonde la milimani Wajapani wanalisifu kama paradiso, liko mita 1,500. Yaani ukiwa umepanda milimani kabisa bado uko chini ya Tom Mboya Street. Niliposoma hiyo nikacheka, nikabeba kijaketi kimoja cha kuendea Limuru. Wueh. Sisi tumekalia ikweta, wao wako mbali kaskazini, na mwezi wa kumi asubuhi kule bondeni inakaribia sifuri mpaka vidole vinakataa kubonyeza simu. Kwa hivyo pitia Gikomba au Toi Market kabla hujasafiri, tafuta jaketi ya mvua isiyopitisha maji na masweta mawili mepesi ya kuvaa moja juu ya nyingine, ni afadhali kuliko koti moja zito. Viatu ni raba zenye meno tu, buti za Mlima Kenya acha nyumbani kama huendi vileleni.

Viza ni lazima kwa pasipoti ya Kenya, na unaombea ubalozi wa Japan pale Upper Hill. Watataka kuona pesa benki, ndege uliyobuku, na ratiba ya siku kwa siku, tarehe hii niko hapa, ile niko pale. Hapo watu wanaogopa, wanadhani ratiba itawafunga. Andika Matsumoto usiku tatu hoteli moja, siku ya ngome na siku ya Kamikochi, ukifika ukageuza ipi ianze hakuna wa kukuuliza kwa sababu kitanda ni kile kile. Cheki tovuti yao uone karatasi zinazotakiwa sasa, na usingoje wiki ya mwisho.

Ndege ya moja kwa moja hakuna, unabadilisha Dubai, Doha ama Addis. Japan wako mbele yetu masaa sita, saa tatu usiku yetu ni saa tisa usiku kwao, kwa hivyo siku ya kwanza usijipangie kitu cha maana, utasinzia hadi kwa lifti.

Kutoka Tokyo treni ya kwenda Matsumoto inaitwa Azusa na unaipandia Shinjuku. Ni masaa mawili na nusu hivi, saa zingine zaidi kidogo, na nauli iko karibu yen 6,600 kwenda. Kwa hesabu ya haraka chukulia yen moja ni chini kidogo ya bob moja, hutapotea sana. Kuna ile pasi ya treni ya watalii kila mtu anakuambia ununue, ya siku saba ilipanda mwezi wa kumi 2023 ikawa yen 50,000. Kwenda na kurudi Matsumoto ni kama 13,200. Piga hesabu mwenyewe. Kama bajeti imebana kuna basi kutoka hapo hapo Shinjuku, bei iko chini na linachukua masaa matatu na kitu, kiti kizuri, na stesheni yake iko juu ya reli kwa hivyo usizunguke ukiitafuta barabarani kama niliyemwona akizunguka, ambaye ni mimi. Na kama unatoka Kyoto au Osaka usirudi Tokyo kwanza, pitia Nagoya, kuna treni inaitwa Shinano, masaa mawili umefika.

Viti vya Azusa vyote ni vya kubuku. Omba dirisha la kushoto, kukiwa wazi utaona Fuji ikichungulia nyuma ya milima mingine mkikaribia Kofu. Nunua sanduku la chakula stesheni kabla ya kupanda. Na ikiandikwa inaondoka saa mbili kamili inaondoka saa mbili kamili, haingoji ijae. Ndani hakuna anayeongea kwa simu, ukipigiwa kutoka nyumbani simama utoke pale karibu na milango ndio uongee, hata kama ni mama.

Sasa ngome. Kutoka stesheni ya Matsumoto ni kutembea dakika kumi na tano hadi ishirini, tambarare yote, mizigo uiache kwa makabati ya stesheni au hoteli. Inafunguliwa saa mbili na nusu asubuhi, na mwisho wa kuingia ni saa kumi na nusu jioni. Kiingilio ni zaidi kidogo ya yen 1,000. Uwe mlangoni inapofunguliwa, sababu nitakuambia ni ngazi. Lakini kabla hujalipa zunguka handaki la maji lote nje, hiyo ni bure, hata usiku unaweza kurudi ukaiona imewashiwa taa. Mnara ni mweusi tii juu ya maji, ndio maana wengine wanaiita ngome ya kunguru. Weusi wenyewe si rangi ya duka la hadweya, ni utomvu wa mti unaitwa urushi, na unapakwa upya kila mwaka.

Kitu cha kujua kabla ya kuingia ni kwamba ngome ambazo mnara wake mkuu ni ule wa asili zimebaki 12 tu Japan nzima. Nyingi unazoona kwa picha zilijengwa upya karne ya 20 kwa simiti, zingine zina lifti. Na kati ya hizo 12 ni 5 zimepewa cheo cha hazina ya taifa, Matsumoto ni mojawapo. Waliojenga mnara ni Ishikawa Kazumasa na mtoto wake Yasunaga, na wakati huo bunduki zilikuwa zimeshaingia Japan, ndio utaona kuta zimetobolewa vitundu, virefu vyembamba vya mishale na vya mraba vya bunduki, na pembeni kuna matundu ya kuangushia mawe mtu anayejaribu kukwea. Ghorofa ukihesabu kutoka nje ni tano. Ndani ni sita. Moja wameificha, haina dirisha, ukipita hapo simama kidogo giza likuingie kabla kundi la nyuma halijafika.

Ngazi zenyewe ni kama kupanda mwembe. Ile kali kabisa imesimama digrii 61, na kidato kimoja ni karibu sentimita 40. Watu wakijaa mnangojana, wa kushuka na wa kupanda, na ndio maana nasema ufike mapema. Sketi ya kubana hapana. Begi kubwa hapana. Viatu unavulia mlangoni unapewa mfuko unavibeba mkononi, kwa hivyo vaa soksi nzima, mimi dole gumba langu lilitoka nje na wazee wa watu wakalitazama kwa heshima ghorofa zote sita. Ukienda na mzazi mwenye magoti mabaya mtafutie benchi ya bustanini ndani ya kuta, mnara anauona vizuri kutoka hapo na pengine hata ana picha nzuri kuliko zako. Ghorofa ya juu kabisa angalia darini, kuna kijumba cha mungu wao wa kike wa usiku wa ishirini na sita, ndiye wanasema analinda ngome isiungue.

Ukishuka utapitia chumba kimoja tofauti kabisa, kiko wazi pande tatu, kina reli nyekundu, hakina kitundu cha bunduki hata kimoja. Kiliongezwa miaka ya 1630 vita vikiwa vimeisha, kazi yake ilikuwa kukaa kutazama mwezi, na kilijengwa kwa ajili ya Iemitsu, shogun, yaani mtawala mkuu wa kijeshi wa Japan nzima, aliyetarajiwa kupita. Hakuja. Ile hali ya kupaka nyumba rangi mgeni mkubwa anakuja alafu msafara unapita barabara ingine, sisi tunaijua vizuri.

Na hii ndio sehemu mimi napenda kuliko samurai wote. Mwaka 1872 serikali mpya iliuza mnara kwa mnada, anayenunua angeubomoa auze mbao. Mtu wa mji huo, Ichikawa Ryozo, akazunguka kuomba usibomolewe, akaandaa maonyesho ndani ya mnara wenyewe, watu walipe kiingilio, na pesa ikapatikana ya kuukomboa. Miaka baadaye ulikuwa umeinama, mwalimu mkuu wa shule, Kobayashi Unari, akaongoza michango ya kuurekebisha, kazi ikachukua kutoka 1903 hadi 1913. Ni harambee kabisa. Ukishaona Nairobi nyumba ya zamani ikilala imesimama na asubuhi ni kifusi, hiyo stori inakuingia.

Mji uliobaki ni wa miguu. Kusini ya ngome kuna mto mdogo, kando yake Nawate, kachochoro ka maduka madogo kenye sanamu za vyura kila mahali, neno lao la chura, kaeru, linasikika sawa na la kurudi. Hapo kuna vikeki vya umbo la samaki vinaokwa ukiona, ndani ni maharagwe. Matamu. Ya sukari. Mtu wa Nairobi aliyezoea maharagwe na dania atahitaji kujipanga kisaikolojia, lakini kula, kikiwa moto ni kizuri. Ng'ambo ya mto ni Nakamachi, barabara ya maghala ya wafanyabiashara wa zamani, kuta nyeupe na miraba meusi, ziliwekwa nene hivyo kwa sababu ya moto, mji uliungua sana 1888. Kaskazini ya ngome kuna jengo la shule ya Kaichi la 1876, la mbao na limejifanya la Kizungu na malaika juu ya mlango, dakika chache kwa miguu. Na yule mama msanii wa madoadoa, Yayoi Kusama, alizaliwa Matsumoto 1929, makumbusho ya sanaa yana kazi zake na maua yake makubwa yako nje, unayaona bila kulipa.

Chakula ni soba. Ni tambi za rangi ya kijivu, zinaletwa baridi juu ya kitanda cha mianzi, unachovya kwa sosi kidogo tu na kuvuta kwa kelele, kelele inaruhusiwa na hata inapendeza. Mwisho wanakuletea maji ya moto yaliyochemshia tambi, usiyaache wala usinawe nayo, unamimina kwa sosi iliyobaki unakunywa kama supu. Kuna kuku wa kukaanga wa vitunguu saumu anaitwa sanzokuyaki, kipande kikubwa kama kiganja cha fundi, huyo ndiye atakushibisha ukichoka na ustaarabu. Nyama ya farasi mbichi iko kwa menyu nyingi, uliza kabla ya kuonyesha kidole. Waislamu na wasiokula nyama mjue sosi nyingi zina mchuzi wa samaki na zingine zina pombe ya kupikia, hata kama sahani inaonekana ni mboga tupu. Bakshishi hakuna, ukiacha pesa mezani watakukimbilia barabarani wakurudishie.

Haya, mlima. Kamikochi inafunguliwa katikati ya mwezi wa nne hadi tarehe 15 Novemba, nje ya hapo mabasi hakuna, usibishane na kalenda. Magari ya kibinafsi hayaingii kabisa mwaka mzima, kwa hivyo hata wale wa kukodi Vitz hapo mtalingana na sisi. Usiku uliotangulia cheki utabiri, na asubuhi kabla ya kutoka angalia zile kamera za mtandaoni zinazoonyesha daraja la Kappa, lililo katikati ya bonde, moja kwa moja. Ukiona vilele vinaonekana, toka. Unapanda katreni kadogo kutoka Matsumoto hadi Shin-Shimashima, dakika 30, hapo nje basi linangoja, saa moja na kitu kwa barabara nyembamba na mahandaki ya giza yanayopita ndani ya mlima. Tiketi ya treni na basi unanunua pamoja Matsumoto. Chukua ya mapema sana, hata saa kumi na mbili asubuhi si mapema kupita kiasi.

Usishukie mwisho. Shukia kituo cha Taisho-ike, hilo ni ziwa dogo lililotokea 1915 mlima Yakedake ulipolipuka na tope likaziba mto Azusa, na miti iliyokufa wakati ule mingine bado imesimama ndani ya maji. Asubuhi kama hakuna upepo milima ya Hotaka imelala yote chini kichwa ndani ya maji. Kutoka hapo unafuata mto kwenda juu, njia tambarare, sehemu zingine ni ya mbao juu ya majimaji, saa moja umefika daraja la Kappa, la kuning'inia, ndipo watu wote wa basi wamesimama wanapiga selfi. Piga yako, alafu endelea. Saa moja ingine kuna Myojin, ziwa na hekalu dogo, na hapo watu wameshapungua kabisa, kuna samaki wa mtoni wanachomwa kwa vijiti karibu na moto. Rudi kwa upande mwingine wa mto. Jumla ni masaa manne na kupumzika, hata mtu wa ofisi anaweza. Okuhotaka ile juu ni mita 3,190, ya tatu Japan, hiyo si ya raba wala si ya guide hii.

Mambo ya huko. Ukipita kituo kikuu cha mabasi kwanza panga basi la kurudi kabla ya kuendelea kutembea, siku za majani ya Oktoba watu wanapewa namba na wa mwisho wanaachwa wakiangaliana. Pipa la taka hakuna, ganda la ndizi unashuka nalo hadi mjini. Choo unaweka sarafu ya yen 100, beba chenji. Nyani wako, na wanapita katikati ya watu kama wana miadi, si kama wale wa City Park wanaokagua mfuko wako, na wamebaki hivyo kwa sababu hakuna anayewalisha, usianze wewe. Dubu pia wako. Wenyeji wanafunga kengele kwa begi, kama ya mbuzi, ili dubu asikie ajiondoe. Nunua moja, ni zawadi pia.

Ukipata siku ya pili iliyo wazi kati ya Julai na Oktoba kuna Norikura. Basi linakupeleka hadi Tatamidaira, mita 2,702, hiyo ni karibu kimo cha kilele cha Longonot na wewe umekaa, kisha kutembea saa moja na nusu hivi ufike kileleni mita 3,026. Panda polepole, hewa ni ile ya Mlima Kenya mwanzo. Upande wa mashariki ya mji kuna Utsukushigahara, nyanda za juu za nyasi zenye kilele cha mita 2,034, ng'ombe wako malishoni, ukungu unashuka ghafla na utadhani uko Kinangop. Katikati kuna mnara wa mawe wenye kengele uliojengwa 1954 kwa ajili ya waliopotea kwa ukungu. Basi zake ni chache na za msimu, bila hizo ni teksi na mfuko utalia. Mimi mtu akiwa na siku moja tu namwambia Kamikochi bila kufikiria.

Jioni ya siku ya mlima nenda Asama Onsen, basi la mjini linafika, ukaloweke miguu na mwili wote kwa maji ya moto ya ardhini. Ni uchi, wanaume kwao wanawake kwao, na unajisugua kwa sabuni na kusuuza kabisa umekaa kwa kigoda kabla ya kuingia, ndani ni kuloweka tu. Dakika tano za kwanza unaona aibu, za pili unasahau. Ukiwa na tatuu uliza kwanza mapokezi.

Pesa: kadi inafanya kazi mjini lakini milimani beba noti. Mashine za 7-Eleven zinakubali kadi za nje, ila ambia benki yako Nairobi unasafiri kabla ya kuondoka, wasikufungie ukiwa na njaa. Soketi ni za pini mbili bapa, umeme wa volti 100, nunua adapta Luthuli Avenue. Tarehe za kuepuka ni mwisho wa Aprili hadi kama tarehe 5 Mei na katikati ya Agosti, Wajapani wenyewe wako likizo na vitanda vinaisha. Juni hadi katikati ya Julai ni mvua. Maua ya cheri ya ngomeni ni katikati ya Aprili hivi, na Kamikochi majani ya dhahabu ni nusu ya pili ya Oktoba.

Siku ya kuondoka acha dakika ishirini za kupita kisima cha Genchi, kati ya stesheni na ngome ukikata kidogo mashariki. Maji yanatoka chini yenyewe mchana na usiku, bure, na utakuta wamama na wenye hoteli wamekuja na mitungi wanapanga foleni, ungedhani ni Eastlands maji yakipotea, ila hawa wana mfereji nyumbani, wanayataka haya kwa kahawa na kwa soba. Jaza chupa yako. Azusa ya kurudi ikiwa na kiti cha dirisha, safari hii omba kulia.